Mlango Usiojua Hodi

Mama yangu alikaa karibu saa tatu nzima kwenye ngazi za ghorofa ya saba, hatua chache kutoka kwenye mlango ambao kitasa chake nilikiweka mimi mwenyewe. Ilikuwa Machi 2024, Dar es Salaam, katika joto lile ambalo hata kivuli hutoa jasho. Kitasa hakikuwa kibovu. Umeme ulikuwepo, maana mgao ulikuwa umeanza kupungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa mwezi uliotangulia. Intaneti ilikuwepo. Betri ilikuwa imejaa. Kila kitu kilifanya kazi kama kijitabu chake kinavyoeleza, na hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo.

Mimi ni fundi. Nilisomea umeme Arusha, nikashuka Dar kutafuta maisha, na sasa ni mwaka wa tano kazi yangu ni kufunga vile vifaa vinavyoifanya apatimenti iitwe nyumba janja: vitasa vya namba na alama za vidole, kengele zenye kamera, taa zinazosikia sauti, mapazia yanayojifungua asubuhi, vihisi vya gesi na vya maji. Zamani tangazo la nyumba ya kupanga lilijisifu kwa kisima, jenereta na maegesho. Siku hizi majengo mapya ya Masaki na Mikocheni huona aibu kujitangaza bila neno "janja".

Neno lenyewe linanichekesha. Tulianza kusema simu janja, halafu tukalibandika kila mahali. Lakini kwetu sisi tuliokua tunachunga ng'ombe, mjanja hakuwa mtu wa kumwachia zizi. Mjanja ni sungura wa hadithi. Ana akili, ndiyo, lakini daima kuna mtu anayelipia akili yake.

Ninakaa katika jengo moja la Kinondoni, kwenye apatimenti ambayo si yangu. Mwenye nyumba anaishi nje ya nchi. Ananitoza kodi ndogo kwa makubaliano kwamba nimtunzie mitambo na niwaoneshe wateja jinsi inavyofanya kazi. Kwa hiyo naishi ndani ya nyumba ya maonyesho. Nikiwapigia picha rafiki zangu wa shule kule nyumbani, wanadhani nimetajirika.

Nyumbani ni Getanuwas, Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara. Mama alikuja kutoka huko kwa basi, akapitia Singida na Dodoma, akiwa na kiroba cha unga, vitunguu swaumu, na jicho la kulia lililofunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa amekuja kufanyiwa upasuaji. Jicho la kushoto nalo halikuwa zima. Miaka mingi ya moshi wa kibatari na wa mafiga ilikuwa imelichosha.

Siku ya kwanza nilimwonesha nyumba kama ninavyowaonesha wateja. Nikaiambia taa iwake, ikawaka. Nikaliambia pazia lifunguke, likafunguka. Mama alisimama katikati ya sebule, mikono ameifunga kifuani juu ya kanga, akasikiliza. Kisha akauliza, "Na wewe mwanangu, mkono unakuuma?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliuliza kwa dhati kabisa, kama mtu anayemwona mwenzake akilishwa na anataka kujua ugonjwa ni upi.

Jioni nilijaribu kumwandikisha kwenye kitasa. Aliweka kidole gumba, kifaa kikalia kwa kukataa. Tukajaribu cha shahada, kikakataa. Vidole vya mama vimeshika jembe tangu utotoni, na ile michoro ambayo mashine huitafuta imesagika kama maandishi ya sarafu ya zamani. Halikuwa jambo geni kwake. Wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, mwaka 2019, alirudi kwa wakala mara tatu. Namba za siri alizikariri vizuri, lakini alama zenyewe kwenye kile kioo cheusi hakuziona. Nikasema nitamwandikisha kwa sura kesho yake. Kesho yake nikachelewa kazini, nikamwambia, "Mama, usitoke, nitarudi saa kumi."

Saa sita mchana alisikia mtu akipiga hodi.

Hakikuwa chetu kilichopigiwa hodi. Kijana wa bodaboda alikuwa ameleta chakula kwenye apatimenti ya pili, akabonyeza kengele, akangoja, akabonyeza tena, mwishowe akagonga kwa mkono na kuita, "Hodi! Hodi jamani!" Mama alikaa akisikiliza hodi ile ikirudiwa bila jibu, mpaka akashindwa. Akafungua mlango kumwambia kijana karibu, pengine wenyeji wako shambani. Kijana akaacha mfuko sakafuni, akashukuru, akashuka. Nyuma ya mama, mlango ulijirudi taratibu, ukahesabu sekunde tano, ukajifunga. Mimi ndiye niliyeupangia sekunde tano. Kitochi chake kilibaki ndani, kwenye chaji.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Aligonga milango mitatu iliyobaki kwenye ule ujia. Kila mlango una kengele yenye kamera, na kila kamera ilifanya kazi yake. Jirani mmoja, mtu mstaarabu tunayesalimiana kwenye lifti, aliniambia siku mbili baadaye akiwa amejaa aibu, "Nilimwona kwenye simu nikiwa ofisini. Nilidhani ni mama anayeomba msaada." Alikuwa sahihi. Alikuwa mama anayeomba msaada.

Lakini sina haki ya kumsema jirani. Mimi nilikuwa Mikocheni siku hiyo, nikimwonesha mteja taa ambayo boksi lake limeandikwa kwamba ina rangi milioni 16. Simu yangu ilitetemeka mara nne. Kila mara ujumbe ulikuwa ule ule: "Mtu asiyejulikana yuko mlangoni." Mara zote nne niliufuta kwa kidole gumba bila kuufungua. Nilikuwa nasaka rangi ya machungwa.

Aliyemkuta ni dada wa kazi wa ghorofa ya nane, aliyekuwa akishuka na takataka. Hakuwa na ufunguo wala programu ya kufungua chochote. Alipanda juu, akarudi na kigoda, maji na ndizi mbili, akakaa naye wakizungumza mpaka nilipofika. Mama hakunilaumu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanyanyuka akijishikilia kwenye ukuta. Alisema neno moja tu, nalo alilisema kwa upole: "Nilidhani jengo hili halina watu."

Tangu siku ile najiuliza swali ambalo fundi hapaswi kulikwepa. Kati ya vifaa ninavyofunga, kipi ni cha maana na kipi ni mbwembwe? Na je, kuna namna ya kuvitenganisha isiyotegemea ladha ya mtu au ukubwa wa pochi yake?

Jibu la kwanza ambalo huja haraka ni hili: cha maana ni kile kinachofanya kazi ambayo ingekuwa lazima ifanyike. Kihisi cha gesi jikoni ni cha maana, kwa sababu mtungi ukivuja usiku pua iliyolala haiamki. Kidude kinachozima pampu simtanki likijaa ni cha maana, kwa sababu maji yanayomwagika paani ni fedha inayomwagika. Pazia linalojifungua ni mbwembwe, kwa sababu una mikono. Hilo ndilo lilikuwa swali la mama: mkono unakuuma?

Jibu hili niliishi nalo mpaka nilipokwenda kufunga taa za sauti kwa mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Nilifunga nikiwa nimenuna kidogo moyoni, nikiona watoto wake wanapoteza fedha. Nilipomaliza, mzee akaiambia taa iwake, kwa ule ulimi wake mzito, ikawaka. Akaiambia izime, ikazima. Akarudia labda mara ishirini. Kwa miezi mingi alikuwa akingoja mtu apite ndipo amwombe giza au mwanga. Mkono wake ulikuwa unauma kweli. Kifaa kile kile kilichokuwa mbwembwe sebuleni kwangu kilikuwa uhuru chumbani kwake. Kwa hiyo umaana haukai ndani ya kifaa. Lazima tuutafute kwingine.

Jibu la pili: tuangalie kifaa kinamtii nani. Hapa Getanuwas wamenitangulia kuelewa. Mama ana umeme wa jua wa kulipia kidogo kidogo kwa simu: paneli moja juu ya bati, betri, taa tatu, na tundu la kuchajia. Siku ya malipo ikipita, mfumo hujifunga wenyewe. Hakuna anayekuja na ngazi wala koleo. Aliye mbali ofisini hana hata haja ya kujua; kompyuta huamua. Mwaka jana ulijifunga siku ya pili ya msiba wa baba yangu mdogo, nyumba imejaa waombolezaji, wakarudi kwenye kibatari. Mwenye duka pale kijijini alitoa sukari na mchele kwa mkopo bila kuulizwa, kwa sababu alikuwa amesikia vilio. Mama aliniambia kwenye simu, "Taa yangu inaijua siku ya kulipa. Siku ya msiba haiijui."

Nilitaka kukasirika kwa niaba yake, lakini ukweli ulinizuia. Mama hana hati ya shamba wala mshahara. Bila lile kufuli la mbali, hakuna ambaye angemkopesha paneli mtu asiyemjua, umbali wa siku nzima ya basi. Kufuli ndilo lililosimama mahali pa dhamana. Kabla yake palikuwa na kibatari, na kibatari ndicho kilichosaidia kula macho yake. Taa inayomtii mwingine imemwokoa zaidi kuliko kibatari kilichomtii yeye.

Hata hivyo, ni vizuri kujua kwamba kifaa cha namna hiyo kina bwana mwingine. Mwaka 2016 huko Marekani, kampuni ya Nest, iliyokuwa chini ya Alphabet, ilizima huduma ya Revolv, kifaa cha kuendeshea taa na milango ambacho watu walikuwa wamekinunua kwa dola 299. Siku moja kilikuwa ubongo wa nyumba, siku iliyofuata kikawa boksi la plastiki. Linganisha na Luku zetu. Tokeni za mita za namna hiyo duniani kote zilikuwa zikihesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zikaisha Novemba 24, 2024. Lakini hapo dawa ilijulikana mapema na haikuuzwa. TANESCO ilitoa namba za kuboresha mita, na mwaka ule tuliwaona vijana wakiwasaidia wazee kubonyeza tarakimu ishirini, kisha ishirini nyingine, kisha ishirini za umeme wenyewe. Mita ilikuwa na bwana, lakini bwana anayejulikana, ambaye mtu anaweza kwenda kumgongea dirisha.

Nilidhani hapo nimefika. Kisha nikakumbuka kwamba kitasa cha mlango wangu kilinitii mimi peke yangu. Hakikumtii muuzaji wala mkopeshaji. Nilikiambia sekunde tano, kikafanya tano. Nilikiambia kisimfungulie mtu kisiyemjua, hakikumfungulia. Kiliponiona sipo, kikanitumia habari. Hakuna mtumishi mwaminifu kuliko huyo. Na mama alikaa kwenye ngazi.

Basi kuna jambo la tatu, nalo nadhani ndilo lenyewe.

Fikiria hodi ni nini. Hodi haileti habari. Anayepiga hodi hakuambii tu kwamba kuna mtu mlangoni; anakudai. Ameliweka neno mikononi mwako, na tangu hapo kuna jambo unalopaswa kufanya: useme karibu, au useme subiri, au hata useme sina nafasi. Kunyamaza nako ni kitendo, na wote wawili mnajua umekitenda. Ndiyo maana mama hakuweza kuisikia hodi ya bodaboda ikining'inia hewani. Hakuwa anadaiwa yeye, lakini deni lilikuwa pale linasikika, na mtu mzima hawezi kukaa akilisikiliza deni kama muziki.

Sasa angalia kengele yangu ilifanya nini. Ilichukua hodi ya mama ikaigeuza kuwa taarifa. Taarifa haikudai. Inakaa kwenye foleni na nyenzake: mashine ya kufulia imemaliza, salio lako ni kadhaa, mtu asiyejulikana yuko mlangoni. Unaifuta kwa kidole na hakuna anayejua kwamba umeifuta. Mama hakujua kama nimemsikia. Aliyegonga hakupata hata heshima ya kukataliwa. Jirani yangu asingeweza kusimama nyuma ya mlango wa mbao, akimsikia mama mtu mzima akipiga hodi, akaketi kimya dakika tano, nafsi ingemsuta. Kwenye simu aliweza, na mimi niliweza mara nne. Hatukuwa tumegeuka kuwa watu wabaya Jumanne ile. Tulikuwa tumenunua kifaa kinachoondoa msuto.

Sisemi kwamba kila kifaa cha mawasiliano hufanya hivyo. Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani, na makumi ya watu wakafa. Nilizipata habari nikiwa kitandani Dar. Nikampigia mama, hakupatikana. Nikapiga tena na tena. Katikati ya kupiga, simu ikaniarifu kwamba mashine ya kufulia imemaliza mzunguko. Mwishowe nikampigia jirani yetu wa Getanuwas. Kitochi chake kikalia, akaitika, akasema, "Ngoja nikamwone." Alikwenda kwa miguu, akarudi, akanipigia kwa salio lake: kwetu hapakuguswa, mama yuko zizini, betri yake ndiyo imekufa.

Simu ya kawaida ni hodi iliyoongezewa umbali. Inalia, na anayeisikia anajua anadaiwa. Ilichukua wito wangu ikaubeba kutoka Dar mpaka Manyara bila kuupunguza uzito, na upande wa pili kulikuwa na mtu aliyenyanyuka. Kengele yangu ilichukua wito wa mtu aliyesimama nusu mita kutoka mlangoni ikaupunguza mpaka ukabaki mtetemo mfukoni. Vyote viwili ni teknolojia, tena kengele ndiyo ya kisasa zaidi.

Kwa hiyo sasa nasema hivi. Kifaa cha maana ni kile kinachotupunguzia kazi, au kinachotufikisha kwa wenzetu, bila kutuondolea deni la kuitikiana. Mzee wa kiharusi hakuondolewa watu. Watoto wake sasa wakiingia chumbani huingia kumsalimia badala ya kuja kuwasha taa. Kihisi cha gesi kinapiga kelele ili watu waamke. Mbwembwe zisizo na madhara, kama pazia langu, ni mchezo tu, na mtu mzima ana ruhusa ya kucheza. Kibaya ni kile kinachotuuzia kutodaiwa, kisha kikaliita jambo hilo usalama.

Najua utakachonijibu, msomaji, kwa sababu nimejijibu mwenyewe. Wewe unakaa peke yako, labda ni msichana, na usiku mtu akigonga hutaki kusema karibu. Unataka kumwona kwanza. Una haki. Na wala kufunga mlango si jambo walilotuletea watu wa mjini. Bibi yangu alituhadithia nyumba za zamani za Wairaqw, zilizochimbwa kwenye mteremko, paa la udongo likawa sawa na ardhi, ili adui anayepita asijue kwamba anakanyaga kichwa cha mtu. Ng'ombe walilala ndani pamoja na watu, na wao ndio walikuwa kihisi: mgeni akinusa mlango, ng'ombe hubadilisha pumzi. Hiyo ilikuwa nyumba janja kuliko yoyote niliyowahi kufunga mimi. Hofu ni ya zamani, na waliotutangulia hawakuwa wajinga wala hawakuwa wakarimu kwa kila kiumbe.

Tofauti ninayoiona ni moja. Nyumba ile ilifichwa mbele ya adui, lakini kila mwenyeji wa kilima alijua ilipo. Kufuli lao lilitofautisha adui na jirani. Langu linatofautisha aliyeandikishwa na asiyeandikishwa, na kwa kipimo hicho mama yangu na mwizi walikuwa kundi moja. Mashine haikukosea kumwita mtu asiyejulikana. Mimi ndiye niliyeacha kumjulisha, kisha nikaiachia kazi ya kumjua.

Na bado sijaimaliza hesabu, kwa sababu kuna upande wa mama mwenyewe. Niliporudi na kitabu cha maelezo kutaka sura yake, safari hii nilijikuta nasita. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tusichukue taarifa za mtu kiholela, na sura ni taarifa ambayo mtu hawezi kuibadilisha ikivuja. Nikamweleza mama kwamba mashine itaitunza sura yake. Akauliza, "Nikienda zangu, itanisahau?" Nikasema ni mpaka mtu aifute. Akafikiri kidogo, akasema hapana, nimtafutie ufunguo.

Ufunguo ulikuwepo. Karibu kila kitasa cha namna ile kina tundu la ufunguo wa kawaida, limefichwa chini ya kifuniko kidogo. Funguo zetu mbili zilikuwa kwenye droo, ndani ya mfuko wa nailoni ambao haujawahi kufunguliwa. Moja nilimpa mama, akaifunga kwenye pindo la kanga. Ya pili nilimpelekea dada wa kazi wa ghorofa ya nane. Mwenye nyumba wangu nilimweleza, na hakupenda. Aliuliza nitampaje ufunguo wa nyumba yake mtu tusiyemjua vizuri. Ni swali la haki, na sikuwa na jibu zuri zaidi ya kumwambia kwamba huyo ndiye mtu pekee katika jengo zima ambaye sasa namjua.

Tangu wakati huo nina swali ninalowauliza wateja kabla sijatoboa mlango: nani atakuja hapa ambaye mlango huu hautamjua, na akija, ataitikiwa na nani? Wengi hucheka. Wachache hunyamaza, halafu hutaja jina la mtu. Kazi moja nimeipoteza kwa sababu ya swali hilo. Mteja aliniambia amekuja kununua kitasa, hakuja kwenye mahubiri. Huenda alikuwa na haki pia. Bado navifunga vitasa vile vile, kwa sababu ndivyo vinavyonilisha, na kengele yangu yenye kamera iko pale pale mlangoni. Nimebadilisha kitu kimoja: sasa mtu akigonga, simu inalia mpaka niitike, hata nikiwa na mteja. Inakera sana, na ndivyo nilivyotaka.

Jicho la mama lilipona. Desemba iliyofuata nilikwenda nyumbani bila kuaga, kwa kutaka kumshtua. Basi lilichelewa, nikafika Katesh usiku, nikachukua bodaboda mpaka Getanuwas. Nyumba ilikuwa giza tupu. Malipo ya taa yalikuwa yamepita siku moja, na ni mimi niliyekuwa nimeahidi kuyatuma. Nikasimama uani nikiwa na begi, mbwa wakibweka, sioni hata mlango ulipo, nikasema, "Hodi."

"Karibu," sauti ikatoka ndani, bila kukawia. Nikasikia kitanda kikilia na miguu ikitafuta ndala.

Kisha ndipo akauliza, "Ni nani?"